Kikohozi cha Ripita

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sote wazima, ukiondoa goti langu la kulia, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko watu wa hali ya hewa. Wifi yako anakusalimu sana, anasema ile blauzi uliyomletea sasa anaivaa binti yetu mkubwa, tena inambana. Cherehani haipumui. Shule zimefunguliwa na kila mzazi amekumbuka sare siku ile ile. Shemeji hajambo? Karakana yenu inaendeleaje? Mwambie bado namsubiri kwenye drafti, asidhani umbali utamwokoa.

Nilitaka kukupigia simu. Nikapanga foleni pale posta asubuhi nzima, nikapata kibanda, nikapiga, akapokea mama mmoja akaniuliza nataka mbuzi wangapi. Nikamweleza kwamba namtafuta mdogo wangu. Akasema mdogo wako au mkubwa wako, bei ni ile ile. Ndiyo maana naandika.

Jambo lenyewe ni ripita yetu ya kilimani. Amplifaya yake imeungua. Radi ilipiga karibu na mlingoti, na Mwalimu, mwenyekiti wetu wa chama cha redio, alipopanda kesho yake alikuta transista imepasuka na kibanda kizima kinanuka. Mashine yenyewe haijafa. Inapokea sauti zetu na kuzirusha upya kama kawaida, ila bila amplifaya inazirusha kwa nguvu ndogo mno. Sisi wa mjini, tulio chini ya kilima, tunasikilizana vizuri tu. Ng'ambo ya kilima, kwa Mzee wetu, haifiki sauti ya kusikika.

Unajua maana yake. Baada ya kumzika Mama tulikubaliana watatu, wewe, mimi na yeye mwenyewe: atabaki peke yake katika nyumba ile, mradi kila asubuhi Mwalimu akiita vituo hewani, Mzee ajibu kwamba yupo na ni mzima. Akiacha kujibu, tunakwenda kumchukua anakuja kukaa kwangu, hakuna mjadala. Simu kule hakuna, na barabara unaijua. Redio ndiyo inayomweka pale.

Sasa sikia kichekesho. Sisi tunamsikia Mzee bila shida, maana masikio ya mashine hayakuungua. Yeye ndiye hatusikii. Anaita, tunamjibu, hasikii jibu, anaita tena kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba sisi ndio viziwi. Jana alisema hewani, "Mimi sitaendelea kuzungumza na ukuta," kisha akazima. Naogopa ataacha kabisa kuita, na itabidi nimhamishe mtu mzima mwenye akili zake timamu kwa sababu ya kitu kisichozidi ukucha. Tafadhali nitafutie transista hiyo moja tu. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Kuichomelea najua mwenyewe, usinicheke.

Ni mimi kaka yako.

23 Februari

Kaka,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya goti. Mimi sijambo. Huku mvua hazijui kupumzika, nguo zinakauka kwa kuombewa. Mwambie wifi nimesikia habari ya blauzi, na huyo binti yake apunguze kurefuka mpaka nije nimwone.

Uliomba transista. Sikukutumia transista. Niliikuta dukani, nikaishika mkononi, nikaona ni kitu kidogo mno kwa kazi ya kumweka Mzee nyumbani kwake. Radi nyingine ikija je? Kwa hiyo dereva wa basi la Jumanne anakuletea boksi la mbao, na ndani yake kuna amplifaya nzima, nguvu yake zaidi ya mara tatu ya ile yenu. Akikwambia haikufika, mkatalie. Nimemnunulia chai mara mbili ili aikumbuke.

Usiniulize imetoka wapi. Ni yangu, ilikuwa imekaa rafuni haifanyi kitu. Ifunge palepale ilipokuwa ya zamani, kati ya kirusha mawimbi na ile mitungi ya shaba inayotenganisha kusikia na kusema. Angalia feni isizibwe.

Nakuambia wazi, Kaka, nataka Mzee abaki pale. Siyo kwa sababu ya makubaliano. Nataka tu kuwe na nyumba moja ambamo ninajua kila kitu kiko wapi, na chungu cha maji kiko pale pale, na hakuna mtu aliyekuja kugawa vyombo. Basi, nisikuchoshe na maneno.

Ukijibu tumia anwani iliyo nyuma ya bahasha. Ile ya zamani iache.

Mdogo wako.

15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa wote. Mtoto wa mwisho ameng'oka jino na anamwonyesha kila anayekuja kupima sare, tumeshapoteza mteja mmoja. Anwani mpya nimeiona, sikuielewa, lakini nimeitumia. Shemeji yuko wapi siku hizi, mbona hamtaji hata kwa bahati mbaya?

Boksi lilifika. Wanachama tulilibeba mpaka kilimani kwa zamu, tukipumzika kila penye kivuli, na muuza saruji, ambaye hajawahi kubeba mfuko wake mwenyewe, ndiye aliyelalamika kuliko wote. Nikaifunga kama ulivyosema. Nikawasha. Dada yangu! Ile si amplifaya, ile ni hasira. Ripita yetu sasa inasikika mpaka mahali ambapo hatuna mtu wa kutusikia. Mwalimu alitaka kutoa hotuba ya shukrani, tukamwomba aandike.

Kesho yake asubuhi tukaita vituo. Tukajibu wote. Ilipofika zamu ya Mzee, kimya. Mwalimu akaita tena. Kimya. Kesho yake vile vile, na keshokutwa. Tangu tufunge amplifaya, Mzee hajajibu hata siku moja.

Hapo ndipo kichwa changu kinapozunguka. Zamani alikuwa hatusikii, lakini alikuwa anasema. Sasa lazima anatusikia, mashine inavuma kiasi hicho, na ndipo amenyamaza! Nilimtuma dereva wa muuza saruji, ambaye hupeleka mifuko huko kila baada ya siku chache, apite pale. Anasema Mzee yupo, ana afya, redio inawaka mezani. Alipomsalimu akajibiwa, "Waambie waliokutuma, nimewaelewa." Umeelewa nini hapo? Mimi sijaelewa hata herufi.

Jambo la pili, dogo. Amplifaya yako ina kikohozi. Asubuhi mashine inajiwasha yenyewe, kha, inajizima, kha, inajizima, bila mtu yeyote kuongea. Inakera masikio na wanachama wameanza kunung'unika. Ni joto? Ni umeme? Nifanye nini?

Kaka yako.

2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi jino limeng'oka salama. Huku si haba, kazi ipo kiasi. Jana nilitengeneza kipaza sauti cha shule ambacho mwalimu mkuu alikuwa anakipiga kofi ili kiongee.

Tuanze na kikohozi maana hicho nakijua. Amplifaya mpya huwa inaamsha kelele ndogondogo ambazo zamani hazikuonekana, waya mbovu wa jirani, pampu, chochote. Mashine inadhani kuna mtu anaita, inafunguka, inakuta hakuna mtu, inafunga. Fungua kifuniko cha mbele cha kipokezi, utaona kidude cha kuzungusha kinachokata mchakacho. Kikaze kidogo, mpaka mashine isifunguke ovyo kwa kila kelele. Kikohozi kitakwisha.

Kuhusu Mzee nimefikiria sana. Labda amekasirika kwa kuwa mmebadilisha amplifaya bila kumuuliza. Unakumbuka alivyonuna ulipohamisha saa ya ukutani. Labda "nimewaelewa" maana yake ameelewa kweli. Mimi mwenyewe sielewi, lakini nakuomba sana, msimchukue. Mtu kununa si ugonjwa. Mwacheni anune akiwa kwake.

Nilitaka kuandika jambo jingine, lakini taa imeanza kuyumba. Wakati mwingine.

Mdogo wako.

17 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi tupo. Wifi yako alikuwa na homa, sasa anagombana, kwa hiyo amepona.

Kikohozi kimepona pia. Nilipanda na bisibisi, nikakaza kidude kama ulivyoagiza, kikakata siku hiyo hiyo. Sasa asubuhi mashine ni shwari kabisa, wanachama wanakusifu. Mimi peke yangu ndiye mjinga ninayekikumbuka. Kilikuwa na tabia za ajabu. Kilikuja wakati ule tu tunapoita vituo, na tena hakikukohoa mfululizo. Kinakohoa kidogo, kinatulia kama mtu anayesubiri, kinakohoa tena. Pampu gani hiyo yenye adabu? Lakini yamekwisha.

Mzee bado kimya. Tumekaa na wanachama, tumezungumza wazi hewani kwa sababu ndipo tunapokutana. Nilisema huenda akili imeanza kumtoka, na Mwalimu akasema baba yake naye alianza hivyo hivyo, kwa kunyamaza. Sikupenda kusema hivyo. Lakini makubaliano ni makubaliano, na mvua kubwa zinakuja, zikikata barabara hatutamfikia kabisa. Muuza saruji ametoa lori lake bure. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu tunakwenda kumchukua. Chumba cha kushonea nimeshakipanga, nimesogeza meza ya kukatia ukutani. Najua hutaki. Mimi nataka? Nimekonda kwa mawazo, muulize wifi yako.

Tena nikuulize la moja kwa moja. Nilimwandikia shemeji kwa ile anwani ya zamani, nimuombe akueleweshe habari hii taratibu. Barua imerudi, juu wameandika "hahusiki". Nani hahusiki? Na nini?

Kaka yako.

SIMU YA MAANDISHI, 24 Aprili

KAKA MSIMCHUKUE MZEE. KIKOHOZI NI YEYE. ONDOA AMPLIFAYA YANGU. BARUA INAFUATA.

24 Aprili

Kaka,

Sina salamu leo, nisamehe, nitazilipa.

Barua yako imefika asubuhi hii. Niliisoma nimesimama, nikafika pale uliposema "kama mtu anayesubiri", nikakaa chini. Nimeshatuma simu hapa posta, na sasa naandika hapa hapa kwenye kaunta yao, karani ananitazama kwa sababu machozi yananitoka na mimi siyapangusi.

Hivi ndivyo ilivyo. Mashine ile inasikia na kusema kwa wakati mmoja, kwa kutumia antena moja. Mitungi ya shaba ndiyo inayozuia kelele za mdomo wake zisiingie sikioni mwake. Ilitengenezwa kwa amplifaya yenu ndogo. Yangu ina nguvu mno kwa mitungi ile, inavuja. Kila mashine ikifungua mdomo inajiziba masikio. Ninyi wa mjini mko karibu, sauti zenu ni nene, zinapenya hata hivyo. Sauti ya Mzee inatoka nyuma ya kilima, nyembamba. Anabonyeza maiki, mashine inamsikia, inafunguka. Ikifunguka tu, amplifaya yangu inapiga kelele na kumfunika. Mashine inadhani ameondoka, inafunga. Kukiwa kimya inamsikia tena, inafunguka, inamfunika. Kha. Kha. Kha. Anatulia, anasubiri jibu lenu. Halafu anajaribu tena.

Kaka, alikuwa anajibu kila asubuhi. Na mimi nikakuambia ukaze kidude. Alikuwa amebakiwa na kikohozi tu, nikamnyang'anya na hicho.

Na anawasikia vizuri sana. Amesikia yote, hilo la akili kumtoka, na hilo la lori.

Umeniuliza nani hahusiki. Ni shemeji yako, na mambo yangu. Siishi kule tena, tuliachana Desemba. Tuligawana karakana: yeye alibaki na chumba na wateja, mimi nikabeba vyombo nilivyoweza, na amplifaya ile ilikuwa kimojawapo. Niliona afadhali kitu changu kimoja kiende mahali kikafanye kazi nzuri. Usimwambie Mzee. Nitamwambia mwenyewe nikijua namna.

Karani anafunga. Kimbia kilimani.

30 Aprili

Mdogo wangu,

Simu yako imefika jana, Jumatatu. Sisi tulikwenda Jumamosi.

Barua uliyosema inafuata bado haijafika, kwa hiyo naandika nikiwa gizani kabisa. "Kikohozi ni yeye" ndiyo nini? Nimeisoma mpaka wifi yako ameninyang'anya. Acha nikueleze tulivyomkuta, labda wewe utaona kitu.

Tulimkuta amekaa mbele ya redio, shati limefungwa vifungo vyote, maiki mkononi. Hakushtuka kutuona. Akasema, "Mmeamua kuja kunikatalia ana kwa ana?" Nikamwambia, Baba, tangu Machi hujaita hata mara moja. Akasema, "Nimeita kila siku. Mwalimu anataja kituo changu, najibu nipo. Yeye anasema Mzee hayupo. Nasema nipo. Wewe unaingia, unawaambia watu baba yako amenyamaza. Nasema nipo, mwanangu. Unaendelea kuwaambia."

Mdogo wangu, mimi nilikuwa nasikiliza kila asubuhi kwa masikio haya. Hakukuwa na sauti. Nikaona ndiyo ile tuliyoiogopa imeshamkamata, anaota mchana. Nikamshika mkono kama mgonjwa. Hakubisha hata kidogo. Alizima redio, akaifunika kwa kitambaa, akapanda lori mbele, karibu na muuza saruji, ambaye safari nzima hakupata utani hata mmoja.

Sasa yuko chumba cha kushonea. Anakula akiambiwa ale. Anakaa kati ya sare zilizotundikwa, anatazama mlango. Watoto wanaongea kwa kunong'ona. Mimi nimesimama na simu yako mkononi, na kama ninayoanza kuyafikiri ndiyo yenyewe, sijui nitaingiaje chumba kile.

21 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Leo salamu zipo, tena za kumwaga. Wote wazima. Goti limekuwa zima kwa siku mbili bila sababu, kisha likajirudi.

Barua yako ilifika siku ya pili baada ya kukuandikia. Nilimsomea Mzee mimi mwenyewe, sehemu ya mashine tu. Ile nyingine nikairuka, na ninavyosoma vibaya hakugundua. Akaniomba niirudie ile ya mitungi ya shaba. Nikairudia. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Kumbe mlikuwa mnanisikia kama kikohozi." Halafu, "Na mkakitibu." Nilipiga magoti, na hilo goti unalijua. Nikamwomba radhi. Akasema niinuke nitachafua sare za watu, na nimrudishe kwake.

Lori likarudi njia ile ile, Mzee mbele, kitanda nyuma. Mimi nikapanda kilimani. Nikaing'oa amplifaya yako, nikaunganisha waya bila amplifaya yoyote, nikalegeza kile kidude mpaka kelele zikaanza kumwagika, nikakirudisha kidogo. Nikaketi sakafuni. Kwanza hakuna kitu. Nikaanza kukulaumu, nikahamia kwa Mwalimu, nikawa namalizia kwa radi. Kisha sauti ikaja, tulivu, kama ya mtu aliye chumba cha pili: "Hapa ni ng'ambo ya kilima. Nipo. Mnanisikia?"

Nililia, sikufichi. Nikashika maiki ya kibandani, nikamjibu kwa kupiga kelele. Akasema, "Mnanisikia?" Nikakumbuka tumerudi kule tulikoanzia: bila amplifaya namsikia mimi, yeye hanisikii! Nikataka kujirusha kutoka kilimani. Lakini yule mzee si wa jana. Akasema, "Kama kuna mtu, abonyeze maiki mara mbili, nitaangalia sindano ya kipimo cha redio." Nikabonyeza mara mbili. Akasema, "Imecheza. Hafifu, lakini imecheza. Basi upo." Tukaongea hivyo, yeye kwa maneno na mimi kwa sindano, mpaka mikono ikaniuma.

Na ametoa amri. Asubuhi hataitwa tena na Mwalimu. Yeye ndiye atakayeita, na sisi ndio tutakaojibu kwamba tupo na ni wazima. Anasema haijathibitika kati yetu na yeye ni nani aliyepotea. Asiyejibu, atamjia na lori, na muuza saruji ameshakubali, msaliti yule. Leo asubuhi ameniita mimi, wifi yako, na kila mtoto, mpaka wa jino. Tumejibu mmoja mmoja kwa sindano. Alipomaliza akasema, "Na yule binti wa mbali, yeye asubuhi anamjibu nani?" Sikubonyeza kitu. Akauliza tena. Sikuwa na la kubonyeza, mdogo wangu, uliniambia nisiseme.

Tafadhali tuma ile transista. Moja tu.

Kaka yako.

6 Juni

Kaka,

Shikamoo, na salamu zote ambazo sikuzitoa mara ile. Wifi hajambo? Wa jino ameota jingine?

Transista iko ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa pamba na kuishonea kwenye kitambaa. Mshono utaucheka, lakini umeshika. Usiipashe moto mrefu. Bana mguu wake kwa koleo wakati unachomelea, halafu uiache ipoe kabla ya kuwasha. Amplifaya yangu nirudishie kwa basi lile lile. Kuna mtu huku wa kituo kikubwa, mitungi yake inaiweza, na mimi nina kodi ya chumba.

Nimefikiria swali la Mzee kwa siku nyingi, nikaandika majibu mazuri mawili nikayachana. Yalikuwa na nguvu mno. Amplifaya ikishapona na yeye akiweza kuwasikia, siku hiyo akiniita, msomee haya, usiongeze wala kupunguza:

"Hapa ni binti wa mbali. Nipo. Nimeamka. Naishi peke yangu tangu Desemba, mume wangu na mimi tumeachana. Chumba kina dirisha moja na meza ya kazi. Wateja wanaanza kunijua. Nakula. Mchana mimi ni mzima, jioni bado najifunza. Asubuhi sina wa kumjibu, Baba, ndiyo maana sikusema."

Najua wanachama wote watasikia. Wacha wasikie. Kama wameweza kusikiliza habari za akili ya Mzee, wataweza na hii.

Ukimaliza kusoma, usianze kunitetea, nakujua ulivyo. Achia kitufe, usubiri. Halafu uniandikie alivyojibu, neno kwa neno, na kama atanyamaza, uniandikie kwamba alinyamaza, na alinyamaza kwa muda gani.

Mdogo wako.